Mteja wangu wa dagaa kafikisha siku 41 hajarejesha, meneja anataka notisi, mimi nasita. Nishaurini wakuu

#1 Karani wa Mwaloni

Wakuu habari za majukumu. Mimi ni afisa mikopo kwenye benki moja hapa Mwanza (msiniulize ipi), nahudumia wafanyabiashara wadogo, ukanda wangu ni Kirumba, Kitangiri, Pasiansi na kuzunguka huko, kwahiyo wateja wangu wengi ukiwafuatilia mwisho wa siku hela yao inatoka ziwani.

Sasa nina huyu jamaa. Ana mitumbwi miwili ya dagaa inavua huko visiwani Ukerewe, mke wake ndo anapokea mzigo na kuuza pale soko la Mwaloni Kirumba. Alichukua milioni 18 ya miezi 12, rejesho ni milioni 1.7 kila tarehe 5. Dhamana ni nyumba Buswelu, ina hati, mke alisaini ridhaa, na kuna mdhamini ambaye ni shemeji yake. Marejesho sita ya kwanza kalipa vizuri tu, hata sikuwa nampigia. La saba kimya. La nane kimya. Leo ni siku ya 41 tangu lile la saba lilipotakiwa kuingia, na deni lililobaki ni milioni 9.5 hivi.

Simu yake haipatikani. Mkewe nikienda sokoni ananiambia "baba yupo visiwani, mtandao unasumbua", afu anaendelea kupima dagaa kama vile sipo.

Meneja kasema mpige notisi na uanze kumtafuta dalali. Jamaa wa meza ya pili ananiambia mpe topap (mkopo wa nyongeza juu ya ule wa zamani) ya milioni 4, alipe yale mawili yaliyochelewa, kitabu cha mikopo kinakuwa kisafi na wewe bonasi yako inabaki. Mimi moyo wangu unasema kuna kitu kimempata huyu mtu, ila sina ushahidi wowote na PAR yangu (kipimo cha mikopo iliyochelewa kurejeshwa) imeshachafuka. Mngefanyaje?

#2 Ngosha wa Igoma

Naweka kambi hapa. Nyie ndo mkitoa hela mnacheka mpaka jino la mwisho, siku 41 tu mshaanza kutafuta dalali 😂

#3 Chuma cha Pasiansi

Piga mnada mkuu, huruma peleka kanisani. Huyo yupo visiwani anakula sato na mchepuko, simu kaizima kwa makusudi.

#4 Mstaafu wa Leja

Mdogo wangu, nimefanya hiyo kazi yako miaka mingi kabla hata hamjaletewa tableti, ngoja nikuulize swali moja tu ambalo inaonekana meneja wako hajajiuliza. Hiyo notisi mnayotaka kutoa mnaitoa ili iweje?

Piga hesabu na mimi. Leo siku ya 41. Mkopo ukivuka siku 90 unahesabiwa chechefu, yaani mkopo mbaya, hapo benki inatenga fedha ya kutosha kufidia hasara na jina la mteja linaingia vibaya kwenye kanzidata ya taarifa za mikopo, na BoT (Benki Kuu) wenyewe wanataka mikopo chechefu ya benki isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, ndo maana wakubwa wenu hawalali. Umebakiza siku 49. Notisi ya nyumba kisheria ni siku 60, na hizo 60 zinaanza kuhesabiwa akishaipokea, sio siku ulioichapa. Ukimpa hata leo jioni, zikiisha mkopo uko siku ya 101. Bado hujatangaza mnada. Bado hujampata mnunuzi, na Buswelu watu wanajuana, nyumba ya mtu anayeheshimika mtaani wanunuzi wanaikwepa. Bado hajaenda mahakamani kuweka zuio. Kwahiyo huo mnada unaoambiwa utakuokoa, kwenye hesabu yako ya siku 90 haupo kabisa. Kitu pekee kinachoweza kuingia ndani ya hizo siku 49 ni hela kutoka mfukoni kwake yeye mwenyewe.

Na kumbuka PAR haihesabu hiyo milioni 3.4 aliyochelewa, inahesabu deni lote lililobaki. Milioni 9.5 nzima iko kwenye wekundu kwa sababu ya marejesho mawili. Ndo maana kumrudisha mteja mmoja mzuri kunalipa kuliko kufukuzana na vimikopo kumi vya laki tano.

Sasa la msingi. Hujamuona mtu siku 41! Unamsubiri simu ipatikane? Nenda kisiwani. Siku ya kwanza rejesho lilipokosekana ndo ulitakiwa uwe njiani, ila hayo yameshapita. Ukifika usimuulize "utalipa lini", kila mtu anayo tarehe ya kukutajia. Angalia mitumbwi, ipo mingapi majini, injini zipo? Taa zipo? Chanja za kuanikia zina dagaa au zina nguo? Wavuvi wake ni walewale au wamemkimbia? Wavuvi hawakai na tajiri (mwenye mtumbwi) asiyelipa. Ukishaona hivyo ndo utajua kama una mtu ambaye hana au ambaye hataki, maana dawa zake haziingiliani.

#5 Karani wa Mwaloni

Mstaafu nimekusoma mzee wangu, hiyo hesabu ya 101 nimeipeleka kwa meneja leo asubuhi akanyamaza kidogo. Kasema niende lakini notisi iandaliwe. Na topap je?

#6 Mstaafu wa Leja

Topap ya kumlipa aliyechelewa ni kuchukua hela ya benki kumlipa benki. Kitabu kinang'aa mwezi huo, miezi mitatu mbele deni halijapungua, limeongezeka riba tu, kwa mtu yuleyule mwenye mitumbwi ileile. Wakaguzi wa ndani wanaikamata hiyo mapema sana, wanaangalia tu mkopo mpya uliolipa madeni siku hiyohiyo ulipoingia. Wengine kazi imeishia hapo. Mwambie wa meza ya pili atunze bonasi yake vizuri.

#7 Mama Chanja

Mimi naongea upande wa pili maana mnaongelea watu kama mimi. Nauza dagaa miaka mingi hapo hapo Mwaloni. Mwaka fulani nilichelewa, mvua zilikuwa nyingi dagaa hawakauki, wanaoza kwenye mchanga, mzigo ambao ungeenda kwa chakula cha watu tukauza kwa wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Akaja afisa wa taasisi niliyokopa, kijana mdogo tu umri wa mwanangu wa pili, akasimama mbele ya meza yangu akaanza kwa sauti "mama deni letu vipi, utalipa lini, tutakuja kubeba vitu". Wateja wangu wawili kutoka Congo walikuwa wanajaza magunia. Wale sio kwamba walicheka, hapana, walilipa walichokuwa wameshapima wakahamia meza ya jirani, na mpaka leo wananunua kwa jirani. Kwa sababu mtu akijua unadaiwa anajua una shida, anakushusha bei mpaka unalia.

Sasa niambieni, yule kijana alikuja kuchukua hela au alikuja kuifukuza?

Na wewe Karani huyo mama akikwambia mtandao unasumbua huku anapima dagaa, uliongea nae ukiwa umesimama wapi? Mbele ya wanunuzi? Basi jibu ulilopewa lilikuwa ni la wanunuzi, sio lako. Nenda saa nane mchana soko likipoa, kaa kwenye gunia, msalimie, nunua hata dagaa za elfu tano. Utaambiwa kila kitu.

#8 Karani wa Mwaloni

Shikamoo mama. Ujumbe umefika, kesho saa nane nipo pale.

#9 Chuma cha Pasiansi

Yaani afisa wa benki anunue dagaa ndo adai hela yake? Nchi hii ngumu.

#10 Mama Chanja

Hela sio yake baba, ni ya benki. Na dagaa atakula yeye.

#11 Wakili wa Nyamagana

Naona mmeongea ya biashara, niongeze ya sheria kidogo kwa sababu huku ndiko mabenki mengi yanapoangukia.

Notisi ya siku 60 ipo kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi, Sura 113. Lazima iseme kosa ni nini na kiasi gani, afanye nini kulirekebisha, na kwamba asipofanya benki inaweza kutumia haki zake ikiwemo kuuza. Ile barua ya nusu ukurasa "lipa haraka sana" sio notisi hiyo, nimeshaona mnada unakwama kwa ajili yake. Na muwe na ushahidi kwamba ameipokea. Kumwachia mlinzi wa jirani hakutoshi.

Zikiisha hizo, mnada wa hadhara nao unataka tangazo la siku zisizopungua 14. Na bei, msiuze kwa shemeji wa meneja. Kifungu cha 133 kinasema mkiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa bei ya soko inachukuliwa kwamba mmekiuka wajibu wenu, na ni juu yenu kujitetea.

Nyumba ya ndoa lazima iwe na ridhaa ya mwenza. Umesema mke alisaini, vizuri, hakikisha ni yeye kweli na sio dada yake aliyekuja na kitambulisho.

Ila kubwa ambalo watu wanalisahau: mkibadilisha masharti ya mkopo, yaani mkipanga upya muda au kiasi, mdhamini asaini tena. Msipomshirikisha, kesho mteja akishindwa yule shemeji atasimama mahakamani aseme mimi nilidhamini mkataba wa miezi 12 wa rejesho lile, huu mpya siujui, na anaweza kutoka hapo anapiga mluzi. 

Mwisho, kutoa notisi hakuzuii mazungumzo. Unaweza kumpa notisi leo na kukaa nae mezani kesho. Ila msibandike jina lake kwenye nguzo wala kumtumia ujumbe kila mtu aliye kwenye simu yake. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

#12 Ngosha wa Igoma

Wakili umeua. Ile ya mdhamini mimi sikuijua na nimemdhamini mtu wa bodaboda 😭 naomba namba PM.

#13 Karani wa Mwaloni

Wakuu mrejesho, samahani utakuwa mrefu.

Juzi saa nane nilienda sokoni kama mama alivyosema. Nimekaa, nimenunua dagaa, hatukuongelea deni mpaka yeye mwenyewe akaanza. Kwanza kaniuliza kama nimekula. Afu ndo akasema injini moja iliibiwa. Usiku, katikati ya ziwa, wakaja watu na boti yenye mwendo wakawanyang'anya injini na taa, wavuvi wakaachwa wanaelea mpaka asubuhi wakavutwa na mtumbwi mwingine. Hiyo ni wiki moja hivi kabla ya rejesho la saba. Kamaliza kusema ananiangalia kama naamini.

Jana nikapanda meli mpaka Nansio, nikachukua bodaboda na mtumbwi mwingine tena mpaka kwenye mwalo wao, pale mitumbwi inapoegeshwa. Jamaa kaniona nashuka akasimama tu, hakukimbia. Injini zipo mbili, moja ni mpya kwake ila imeshatumika. Nikamuuliza hii umenunua na nini? Kainama. Kumbe kakopa kausha damu (wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa) milioni 2, anarejesha elfu 70 kila siku kwa siku 40, yaani anarudisha milioni 2.8. Na wameshikilia kadi ya pikipiki yake. Elfu 70 kila siku ni milioni 2.1 kwa mwezi, zaidi ya rejesho letu! Na hawajui mbalamwezi wale, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, watu wanatengeneza nyavu wanalala, yeye anatakiwa atoe elfu 70 vilevile. Siku alizokosa wakamuongezea faini. Simu alizima kwa sababu yao, sio kwa sababu yangu, mimi nilikuwa kwenye foleni tu.

Na mke hajui habari ya kausha damu. Anajua injini ilinunuliwa na akiba.

Amebakiza kama laki sita kumalizana nao.

#14 Chuma cha Pasiansi

Hii chai. Kila anayedaiwa huwa kaibiwa injini.

#15 Mstaafu wa Leja

Chuma safari hii simpingi, ni kweli wengi wanasema hivyo. Ndo maana anatakiwa athibitishe. Karani, omba RB ya polisi (namba ya taarifa ya tukio), angalia tarehe yake. Nenda ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) ya hapo, tukio kama hilo wao wanalo, mtumbwi haurudi ukiwa unavutwa halafu mwalo mzima usijue. Ongea na mvuvi mmoja bila tajiri kuwepo. Karatasi na midomo mitatu ikisema kitu kimoja, amini.

Zikithibitika, una mtu ambaye hana, na biashara yake bado inapumua. Huyo ndo wa kupangiwa upya. Lakini usimpangie kwa huruma, mpangie kwa giza. Kaa nae mpige hesabu ya giza moja, yaani zile siku zote anazovua kabla mbalamwezi haijamrudisha nchi kavu: mafuta, chakula cha wavuvi, mgao wao, ushuru, nauli ya magunia kuja Kirumba. Kinachobaki toa hela ya nyumbani na ada. Rejesho jipya likae ndani ya kile kilichobaki, na libaki na nafasi. Mkopo wa mwanzo nani alimpangia tarehe 5 fiksi? Huyo alikuwa anafikiria mshahara wa mwalimu. Kuna miezi tarehe 5 inaangukia mbalamwezi kabisa, jamaa alikuwa analipa kwa kukopa kwa wenzake na hamkujua.

Afu wale kausha damu. Asilipe benki huku anawakimbia, watamrudia usiku. Kama ni laki sita wamalizwe kwanza kwenye giza hili, kadi irudi, na wewe uione kwa macho. Ila muulize kwanza kama wana leseni, kwa sababu wakopeshaji wa daraja la pili (wasiopokea amana) BoT imewawekea kikomo cha riba asilimia 3.5 kwa mwezi, na milioni 2 kurudi 2.8 ndani ya siku 40 hakuna mahali inaingia. Wasio na leseni huwa wanalegea kidogo ukitaja kuripoti.

#16 Ngosha wa Igoma

"Usimpangie kwa huruma, mpangie kwa giza" naandika kwenye ukuta wa geto.

#17 Karani wa Mwaloni

RB ipo na tarehe inaendana. BMU wamethibitisha, tena wakanambia usiku huohuo na mtumbwi wa jirani ulinyang'anywa. Hesabu tumepiga: mitumbwi yote miwili ikifanya kazi, giza moja la kawaida inamwachia kama milioni 1.6 kabla ya nyumbani. Deni na riba iliyolimbikizwa linafika milioni 9.9. Nikilitandaza miezi 12 rejesho linashuka toka 1.7 mpaka laki tisa na thelathini na kitu. Shida mfumo wetu wa kompyuta haujui mbalamwezi, unataka tarehe moja tu.

#18 Mstaafu wa Leja

Usipigane na mfumo. Weka tarehe yoyote. Yeye aweke hela kwenye akaunti kila mzigo unapouzwa, gunia likitoka laki inaingia, mfumo ukifika tarehe unavuta. Akivuka tarehe moja akiwa na akiba ya rejesho moja mbele, hata mbalamwezi iangukie wapi haimgusi. Na hakikisha hakuna hela inapita mkononi mwako, hata elfu kumi, hata akikuomba umpelekee. Atume kwa simu au wakala.

#19 Karani wa Mwaloni

Wakuu kikao kimefanyika leo ofisini. Jamaa, mke na shemeji mdhamini. Ilikuwa nzito. Nilimwambia jamaa mapema kwamba sitamficha mkewe habari ya kausha damu kwa sababu anasaini upya na nyumba ni ya wote, amwambie yeye nyumbani au nitalazimika kuieleza mbele ya wote. Alimwambia usiku. Mama kaja amenuna vibaya, kakaa kiti cha mwisho mbali na mumewe.

Akasema hasaini.

Meneja akaanza kupekua faili la notisi. Shemeji akaanza kuongea kwa Kisukuma harakaharaka, mimi naambulia nusu. Baadae mama akasema atasaini kwa sharti moja, hela ya rejesho isipite kwa mume. Yeye ndo anauza Kirumba, yeye ndo ataweka benki kila anapouza, na kadi ya akaunti akae nayo yeye. Jamaa akakubali bila neno. Nikaangalia meneja, meneja akasema hilo sio sharti letu lakini halitudhuru.

Wamesaini wote watatu. Wakili ile ya mdhamini tumeifanya kwa kalamu mpya kabisa. Notisi ya siku 60 nayo tumempa, kasaini kuipokea, meneja hakutaka kuiacha, na tumemuelewesha kwamba akienda na ratiba mpya hatutaitumia. Mkopo ulikuwa siku ya 52. Bado utasomeka umepangwa upya na hautaonekana msafi mpaka alipe marejesho kadhaa mfululizo, kwahiyo bonasi ya robo hii nimeshaiaga.

#20 Chuma cha Pasiansi

Na faini za kuchelewa mlimfutia? Maana hapo ndo mnapotulia kimya.

#21 Karani wa Mwaloni

Swali zuri. Niliandika maombi zifutwe zote, kamati ya mikopo ikafuta nusu. Nusu imeingizwa kwenye rejesho la mwisho. Mama kaomba risiti yake.

#22 Mama Chanja

Nimemuona huyo mama leo asubuhi pale Mwaloni anahesabu magunia. Karani, ukija wiki ijayo usije tena mbele ya wanunuzi, njoo saa nane.